Pilipili za Uani

Muar, Alhamisi 23 Novemba 1995

Mjukuu wangu Nadrah,

Assalamu alaikum. Mimi sijambo, goti tu ndilo lina maneno yake. Barua hii anakuletea Pak Long Jamil pamoja na mabakuli yangu ya ghorofa tatu. Nimemwambia ayaweke mbele kwenye kiti, si nyuma na samaki. Baba yako mkubwa huyo ukimwachia afanye anavyotaka, utakula wali unaonuka pweza.

Bakuli la juu ni wali wa nazi. La kati ni mchuzi mchachu wa samaki, ule unaoupenda, kwa hiyo usinisingizie kwamba huli kwa sababu ya mawazo. La chini ni bingka, keki ile ya muhogo, umgawie na fundi wako Seng. Kila siku mpaka Jumapili Pak Long atapita hapo asubuhi akienda soko la Pasir Gudang, na jioni atarudi na mabakuli. Simu sitapiga. Ile ya Mak Temah jirani inanilazimisha nipige kelele, na mtaa mzima unajua mambo yetu.

Pak Long ameniambia alichosema tajiri wenu Tauke Teoh. Kwamba hii ndiyo wikiendi ya mwisho ya mashindano yenu ya vijana, mbio moja Jumamosi na moja Jumapili, na usipoingia watatu wa kwanza hata mara moja, mwakani gari lake anampa yule Kelvin wa Kuala Lumpur. Wewe mwenyewe umeninyamazia. Haya, na mimi nitakununia ukirudi.

Sasa ninachokiogopa ni mvua. Novemba hii kila alasiri mbingu inafunguka. Uliniambia kwamba mvua ikinyesha mbio zinasimama na kila gari linarudi bandani, na kwa neno hilo ndipo nikatia sahihi kukuruhusu. Mvua ikinyesha, unashuka. Ndiyo ahadi yetu, na unajua kwa nini. Atok, babu yako, Mungu amrehemu, aliondoka na basi lake asubuhi ya mvua akarudishwa na mguu ambao haukumbeba tena.

Lakini mbio zikisimama, utapata wapi nafasi yako? Kwa hiyo tulia, nimeshashughulikia. Nimechukua pilipili nyekundu na vitunguu vidogo vyekundu, nikavichoma kwenye vijiti vya ufagio wa chelewa na kuvisimika uani, vyote vimeinama upande wa Pasir Gudang, kama wazee walivyokuwa wakizuia mvua. Haji Bakri alipokuwa anapita kwenda msikitini alisimama akaniangalia. Nikamwambia, hii si ibada, Haji, ni pilipili.

Tone halitaanguka huko. Wewe endesha tu.

Mimi bibi yako,
Senah


Pasir Gudang, Ijumaa 24 Novemba

Nenek wangu,

Wa alaikum salaam. Bingka imekwisha kabla sijaionja. Anko Seng anasema alidhani yote ni yake. Ana miaka hamsini na nane, Nenek, na alinidanganya huku midomo inang'aa nazi.

Usininunie. Sikukwambia habari ya Tauke kwa sababu ningekwambia usingelala, ungekaa kitandani unahesabu mbavu za dari. Sasa umeshajua, basi nakwambia yote. Leo tulikuwa tunapanga nafasi za kuanzia mbio ya kesho, kila mtu anakimbia kutafuta mzunguko wake bora, na mimi nimepata ya nane. Tuko kumi na nane. Si mbaya, lakini si ya tatu. Injini yetu imechoka. Kwenye kona nawakamata wote, halafu tunatokeza kwenye ile barabara iliyonyooka na wananipita kana kwamba nimeegesha kununua ndizi za kukaanga. Anko Seng ameifungua mara mbili. Anasema injini ni nzima, ila ina umri wa kustaafu.

Kelvin ana nafasi ya pili. Ana magari mawili, moja la mbio na moja la vipuri, na ana dada wa kumshikia mwavuli pale kwenye mstari wa kuanzia. Kila dereva hushikiwa mwavuli wakati tunasubiri, maana ukikaa juani umevaa helmeti na lile vazi nene unapikika. Wa kwangu anaushika Anko Seng. Lakini yeye mikono anaihitaji kukaza nati, basi anaubana shingoni, anainama, na mwavuli unamfunika yeye mwenyewe. Watu wa bandani wanacheka kila mara.

Kuhusu pilipili, Nenek, kwa kweli usijisumbue. Goti lako hilo, kuinama uani kwa nini? Mvua ni riziki, iache ifanye inavyotaka. Nilimsomea Anko Seng sehemu hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka spana chini akaniuliza, "Ngapi?"

Pak Long anapiga honi. Nakupenda.

Nadrah


Muar, Jumamosi 25 Novemba, baada ya sala ya alfajiri

Nadrah,

Umenirudishia mabakuli matupu.

Nilifungua la juu, tupu. Nikasema labda kitu kiko la kati. Tupu. La chini nilikuta tone la mchuzi na nati moja ndogo, nadhani imetoka mfukoni mwa Seng. Umelelewa na nani wewe? Chombo cha mtu ukikirudisha unaweka kitu ndani, hata chumvi, hata jani la ndimu, ili aliyekupa ajue umepokea kwa moyo. Mak Temah alikuwa amekaa hapo hapo anaangalia. Nikamwambia mjukuu wangu anakimbia sana, hata adabu imebaki nyuma. Alicheka, lakini mimi niliona haya.

Basi hayo yamepita. Leo kuna wali na kuku wa manjano, na yai la chumvi. La chini ni bingka tena, na safari hii nimeandika jina lako juu ya jani kwa kalamu. Seng anajua kusoma.

Unasema nisijisumbue na pilipili. Hivi wewe unadhani nasumbuka? Jana jioni niliona wingu jeusi upande wa kusini, kwenu huko, nikaongeza mstari wa pili. Mak Temah akaleta za kwake. Halafu mke wa Haji Bakri, usimwambie mumewe, akapitisha fungu zima juu ya ukuta. Sasa ukiingia uani kwetu utadhani nimefungua kibanda cha mishikaki. Paka amenusa kimoja, amejificha chini ya kabati tangu jana.

Nenda kaendeshe. Mvua nimeishika mimi.

Bibi yako asiyenuna tena,
Senah


Pasir Gudang, Jumamosi 25 Novemba, alasiri

Nenek,

Nimekuwa wa tisa.

Niandike nini zaidi? Nilianza wa nane, nikamaliza wa tisa. Kelvin wa pili. Niliwashika kwenye kona, wakanipita kwenye ile barabara iliyonyooka, nikawashika tena, wakanipita tena, hadi bendera. Nililia ndani ya helmeti. Ndani ya helmeti hakuna anayeona, ila kioo kinafanya ukungu na Anko Seng anajua maana yake.

Na mvua, Nenek. Sikupata kuona kitu kama hiki. Ilinyesha bandarini. Ilinyesha sokoni, muulize Pak Long, amelowa mpaka soksi. Ilinyesha kwenye maegesho ya watazamaji, ng'ambo tu ya uzio, nikaona watu wanakimbia wamejifunika magazeti. Kwetu sisi, tone halikuanguka. Wingu lilikuja mpaka kona ya mwisho, likasimama kana kwamba limekatazwa kuingia, likaondoka. Mafundi wote walitoka mabandani kuliangalia. Mzee mmoja wa timu ya Penang akasema, "Hapa kuna mtu amefanya kazi." Anko Seng akanitazama mimi.

Asante kwa kazi yako, Nenek. Nasema kwa dhati.

Ila nilikuwa nafikiria mchicha wako. Na ule mpapai wa nyuma. Siku zote hizi bila mvua vitakauka, na wewe huwezi kubeba ndoo kwa goti hilo. Kwa nini usiving'oe vijiti kesho, mimea ikapata maji? Mimi nitajitahidi hivyo hivyo. Usinifikirie mimi, fikiria mchicha.

Ndani ya bakuli la juu nimekuwekea plagi moja ya injini yetu iliyostaafu leo, tumefunga mpya. Anko Seng ameipiga msasa mpaka inang'aa. Usiseme tena kwamba nimerudisha chombo kitupu.

Ubavu wangu wa kushoto umechubuka kidogo kwa kona za kulia, si kitu. Kesho ndiyo ya mwisho. Naanzia wa tisa.

Nadrah


Pasir Gudang, Jumamosi

Kwa heshima, Mak Cik Senah,

Mimi Seng, fundi. Barua hii naiweka chini kabisa, palipokuwa na bingka, Nadrah hajui. Bingka tamu sana. Jina nililiona baada ya kula.

Mimi si mtu wa kuandika. Nasema moja kwa moja. Kama ni Mak Cik umeizuia mvua, nakuomba uiachilie kesho mchana.

Injini yetu kwenye ukavu haiwezi, nimefanya yote. Lakini kwenye mvua injini si kitu, kwenye mvua ni miguu na mikono ya dereva, na mtoto huyu hana mfano. Mwezi wa tano pale Shah Alam ilimwagika huwezi kuona bendera. Wenzake walikuwa wanazunguka na kuzama kwenye nyasi. Yeye alianza wa kumi na nne akamaliza wa nne, na alikuwa anaimba, nilimsikia alipopita ukutani tunaposimama mafundi. Tangu siku hiyo mabanda yote yanamwita Bata. Mak Cik bila shaka unajua haya, yeye hukusimulia kila kitu.

Nimefanya kazi na madereva wengi. Huyu akirudi nyumbani kukaa, mimi nitaumia roho.

Pilipili zikitolewa zote ni bora. Zikibaki mbili tatu sijui hesabu inakwendaje.

Seng


Muar, Jumapili 26 Novemba, alfajiri

Nadrah,

Nimepata barua mbili. Yako ya mchicha, na ya Seng iliyokuwa bakuli la chini.

Bata. Mimi nina mjukuu anaitwa Bata na naambiwa na Mchina wa gereji.

Mwezi wa tano ulirudi kutoka Shah Alam na mafua. Nikakuuliza, ukasema ni kiyoyozi cha basi. Nikakupikia tangawizi siku nne. Nikakusugua mgongo mafuta, nikamlaani dereva wa basi mtu wa watu, kumbe kiyoyozi chako kilikuwa ni mbingu nzima! Na ulikuwa unaimba.

Mchicha wangu hauna shida. Mchicha nimeumwagilia miaka arobaini kabla hujazaliwa.

Sitaki kuandika zaidi maana sijui nilichonacho ni hasira au ni nini. Tutaongea ukija. Utakaa chini na mimi nitaongea.

Chakula ni wali mweupe na sambali, basi. Sikuwa na moyo wa kupika kingine. Kula sambali yote, usibakishe, na Seng naye ale. Ni kali. Pilipili zake ni zile za uani.

Senah


Pasir Gudang, Jumapili 26 Novemba, jioni

Nenek wangu, Nenek wangu, Nenek wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya tairi, karatasi inalowa, wino unakimbia. Pak Long amekubali kusubiri. Amekubali kila kitu leo. Alikumbatia hata watu wa timu nyingine akiwa na magamba ya samaki mikononi.

Ngoja nianze mwanzo.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye kiyoyozi nilitaka ardhi inimeze. Kisha nikafika mwisho, "zile za uani," nikasimama hapo. Nikafungua bakuli. Nikachimba sambali kwa kijiko, nikakuta kipande cha kijiti cha chelewa kimesahaulika ndani. Nikampelekea Anko Seng. Alikiangalia, akakinusa, akala kijiko kizima cha sambali, macho yakamtoka machozi, akasema, "Funga tairi za mvua."

Nenek, jua lilikuwa linawaka. Jua la kuanika nguo. Sijui kama unajua habari ya tairi. Tuna za jua na tuna za mvua, na za mvua ni laini, zina mifereji ya kutoa maji. Ukizikimbiza juu ya lami kavu zinachemka, zinaanza kumeguka vipande. Na ukishaanza mbio zetu huna nafasi ya kubadilisha, ni fupi mno. Hakuna hata mmoja aliyefunga za mvua. Sisi peke yetu. Mabanda yote yalitoka kututazama. Kelvin akaniuliza, kwa upole kabisa, si mtu mbaya, "Bata, una homa?"

Tauke Teoh akaja anajipepea kwa upepeo wake wa mkononi, uso umewiva. "Seng, umelewa? Hii ni mbio ya mwisho!"

Anko Seng akanielekeza mimi kwa kidole. Mwoga mkubwa.

Nikasema, "Tauke, bibi yangu ameng'oa pilipili."

"Usiniletee mambo ya pilipili hapa! Mimi ni mfanyabiashara." Akageuka, akaenda hatua kadhaa. Akasimama. Akaitazama mbingu, haina hata wingu la kufutia uso. Akarudi polepole, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Zote?"

"Zote. Tumezila."

Akajipepea kidogo. "Haya," akasema, akaondoka bila kutuangalia tena.

Nilianza wa tisa. Kabla mzunguko wa pili haujaisha nilikuwa wa kumi na tano. Kila mtu alinipita, hata yule wa Melaka ambaye huogopa kona zote. Usukani ulikuwa unatetemeka, nilikuwa nahisi tairi za nyuma zinajimenya. Nikawa wa mwisho. Nilibaki peke yangu kule nyuma, Nenek, naona vumbi lao tu, na nikasema nimemwaibisha Anko Seng, nimemwaibisha Nenek aliyeng'oa vijiti vyake kwa mikono yake, na mwakani nitakuwa nauza samaki na Pak Long. Nilipopita ukutani Anko Seng alikuwa ananionyesha ubao. Ubao huwa unaandikwa nafasi na muda. Yeye alikuwa ameandika neno moja, SUBIRI.

Halafu nikasikia harufu. Unaijua ile harufu ya lami moto ikiguswa na maji. Tone moja likapiga kioo cha helmeti yangu, pa! Likaja la pili. Na nilipofika kona ya mwisho, pale wingu liliposimama jana, mbingu ikashuka yote.

Sikuimba, Nenek. Nataka ujue hilo. Nilikwambia mbio zinasimama mvua ikinyesha kwa sababu nilijua hutatia sahihi, na leo nilikuwa na barua yako ndani ya vazi langu, kifuani, na ilikuwa nzito. Kuna mahali gari liliteleza lote zima, nikaona uzio unakuja, na nikamwona Atok. Nililirudisha taratibu, kwa vidole, bila kukanyaga breki kwa hofu. Mikono ilijua yenyewe. Baada ya hapo nikaanza kuwapita. Walikuwa wameenea kila mahali, wengine wanatazama walikotoka, wengine wamekaa kwenye nyasi. Yule wa Melaka alikuwa ameshashuka kabisa, amesimama chini ya mti anakamua glavu.

Kelvin nilimkuta mzunguko wa mwisho. Alikuwa wa tatu. Tairi zangu zilikuwa zimekwisha, kwa kasi sikuwa nimemzidi sana. Nilimpita nje, kwenye maji, pale ambapo hakuna anayekwenda.

Wa tatu, Nenek! Wa tatu!

Tauke amekuja na viatu mkononi, suruali ameikunja magotini. Amesema kiti changu kile kilimiminwa povu kwa umbo la mgongo wangu, na Kelvin ni mrefu mno, na yeye hawezi kuanza kumimina povu upya kila mwaka, kwa hiyo nikae tu mimi. Ndivyo alivyosema, "kaa tu wewe." Kisha akaniuliza kama sambali imebaki.

Bakuli la juu nimeweka kikombe changu. Kimeingia sawasawa kabisa utadhani kilipimwa. La kati ni glavu zangu, uzifue, mimi nikizifua zinakuwa ngumu. La chini lifungue polepole. Ni maji ya mvua ya leo, Anko Seng aliyakinga kwenye mlango wa banda.

Kesho mchana niko nyumbani. Nitakaa chini, na wewe utaongea.

Nadrah wako


Muar, Jumatatu 27 Novemba, asubuhi

Nadrah,

Unakuja mchana huu na mimi nakuandikia. Mak Temah anasema nimechanganyikiwa. Lakini ukishaingia mlangoni nitakukumbatia, na nikikukumbatia sitaweza kusema tena, nitaanza kukuuliza kama umekula. Kwa hiyo nasema hapa, na barua utaikuta juu ya meza. Kaa chini usome.

Kwanza, nimekasirika. Bado. Utasugua masufuria yote kwa hilo, na la kukaangia nimeliacha liungue kwa makusudi.

Pili, maji yako ya mvua. Pak Long alikata kona ya sokoni kwa furaha, nusu ya bakuli ikaishia mapajani pake. Yaliyobaki nimeyamwagia ule mche wa pilipili nilioupora wote. Umesimama vizuri.

Tatu ndilo la kweli. Niliposoma barua ya Seng nilikwenda nikakaa uani na vile vijiti. Nilikuwa na hasira na wewe, kisha nikawa na hofu, kisha nikamkumbuka Atok wako, si ule mguu, yeye mwenyewe. Siku za mvua abiria walikuwa wanajaa stendi wanaulizana, nani anaendesha leo? Wakisikia ni yeye, wanapanda. Wakisikia ni mwingine, wanasema watakwenda kesho. Ile asubuhi hakuteleza yeye, Nadrah. Lori lilihama upande wake likamjia. Kila mtu aliniambia hivyo, na yeye aliniambia. Lakini lori lilikwenda zake na dereva wake sikuwahi kumwona sura. Mvua ndiyo ilikuwa inarudi kila mwaka. Nikailaumu mvua, maana hainijibu. Mpaka mwisho wake, ikinyesha, alikuwa anakaa pale dirishani na fimbo yake, miguu inakanyaga sakafu, mmoja breki na mmoja mafuta. Nilikuwa nafunga dirisha. Nilidhani namkinga, kumbe namnyima kitu anachokipenda.

Basi nikaving'oa. Vyote, mwambie Seng, mpaka kile alichokitafuna paka.

Na hujui nilivyoteseka jana. Huku Muar jua lilikuwa linapasua mawe. Saa nane nikatoka nje, hakuna wingu. Saa nane na nusu hakuna wingu. Nikasema nimeizuia mno, haitaki kurudi, mjukuu wangu amekosa gari kwa ajili yangu. Nikachukua ndoo nikaanza kurusha maji juu ya paa, ili mvua ikumbuke kazi yake. Goti hilo hilo. Haji Bakri akapita, akasimama tena. Nikamwambia, usiniulize, Haji. Akaingia, akanipokea ndoo, akarusha na yeye.

Pak Long alifika jioni. Alisimama mlangoni suruali imelowa, akanipa mabakuli. Nilifungua la juu nikakaa chini hapo hapo sakafuni. Kikombe nimekiweka kwenye rafu na plagi pembeni yake. Glavu zimekauka, ziko chini ya godoro zinyooke.

Sasa sikiliza. Kuna mwavuli wa Atok nyuma ya mlango, ule mkubwa mweusi wa kazini, unaofunika watu wawili. Nimeutoa nikaupangusa, una tundu moja dogo nitaliziba. Mwakani Pak Long atakuwa ananibeba mbele, kwenye kiti, pamoja na mabakuli. Mwambie Seng aache kuinamisha shingo, nati zake azikaze kwa mikono miwili. Mwavuli nitaushika mimi.

Na ile ahadi yetu naibadilisha leo. Mvua ikinyesha, usishuke.

Bibi yake Bata,
Senah